Ndugu Wawili Penye Moto wa Martin

Winkelscheid, Eifel
24 Novemba 1987

Dada Reinhild mpendwa,

Kabla ya lolote, hujambo? Shemeji Clive hajambo? Ule mgongo uliomlaza wakati wa Pasaka umeachia, au bado anatembea amejikunja kama kisu cha mfukoni? Na yule mjukuu aliyezaliwa wakati wa baridi yenu, ambapo huku kwetu tulikuwa tunakata majani, ameanza kukaa? Picha yake nimeiweka juu ya redio. Kila anayeingia namlazimisha aitazame, na wote wanasema amechukua pua ya baba yetu, Mungu amsaidie mtoto wa watu.

Mimi sijambo, isipokuwa goti. Daktari amesema goti limeshaisha, nikamwambia hata mwenye goti anaelekea huko huko. Hakucheka. Amenipa dawa ya kuchua inayonuka mpaka paka amehamia jikoni.

Huku ukungu umekaa bondeni tangu mwisho wa Oktoba na hauna haraka ya kuondoka. Ng'ombe wamerudi zizini, majani ya miti yameanguka yote, na alasiri haijaisha tunawasha taa. Binti yangu Gudrun amepata kazi ya nusu siku kwenye duka la dawa. Mumewe, Rainer, yu mzima na ananuna kama kawaida. Mechthild wao ameingia darasa la kwanza, meno ya mbele yameng'oka yote mawili, na sasa akiimba anapiga mluzi bila kukusudia.

Utaona nazunguka. Unanijua, nikiwa na jambo zito kwanza naeleza habari za paka. Basi nikuambie: Lambert alirudi.

Nilimkuta makaburini, siku ya Watakatifu Wote. Nilikuwa nimebeba taa nyekundu ya kaburi la mama na chungu cha maua, nikaona mzee aliyejikunyata amesimama pale petu, nikadhani amekosea kaburi. Alipokohoa ndipo nilipomjua, maana anakohoa kama baba. Dada, mdogo wetu amezeeka kuliko sisi. Nywele zimekwisha, koti si lake, na viatu vyake kila kimoja kilikuwa na nduguye kwingine. Mdomo tu ndio ule ule.

"Walburga, umenenepa, nashukuru Mungu," akaniambia. "Nilihofu nitakuta mmekufa wote na mimi ndiye mrithi wa ng'ombe."

Nikamkumbatia huku nikimgombeza. Pombe ameacha, anasema ni mwaka wa pili sasa, nami nilimwamini kwa sababu alilisema bila kuapa. Kilichokuwa kinamla ni mapafu. Alikuwa amepanga nyumba mbovu ya magurudumu kwenye kambi ya wageni kando ya bwawa, pale wanapokuja watu wa mjini kuota jua. Kambi hiyo hufungwa katikati ya Novemba. Maji hukatwa mabomba yasije yakapasuka kwa barafu, na mlinzi huondoka na funguo zake.

Nilimwambia aje kwetu alale kwenye kochi la sebuleni. Rainer alikunja uso, lakini Rainer huukunja hata akipewa keki. Aliyekataa ni Lambert mwenyewe.

"Dada, makochi nimeyalalia nchi nzima," alisema. "Sasa nataka kitanda changu. Kile chumba cha juu ya zizi, joto la ng'ombe linapenya kwenye mbao. Nikilala pale baridi hii tu, sitaomba kingine."

Shamba hakuomba, wala meza ya kaka yetu Gereon, aliyebaki na shamba, hakuitaka. Aliomba chumba chenye viazi vya mbegu na baiskeli mbovu. Nikaona ni jambo dogo, nikaenda mwenyewe, na goti langu, mpaka kwa kaka yetu.

Gereon hujaishi naye siku nyingi, lakini hajabadilika. Tangu siku ile tulipomzika mama, Lambert akakosekana, naye akasema mbele ya padri kwamba mtu yule hatakikanyaga kizingiti chake, hajalitaja jina lake hata mara moja. Nilimkuta anakamua. Nikamweleza yote, mapafu, kambi, chumba. Hakukiinua kichwa kutoka ubavuni mwa ng'ombe.

"Kwani hana pa kwenda?" akauliza.

"Hana."

"Basi atafute."

"Kaka, ni ndugu yako."

"Mama naye alikuwa na kitinda mimba," akasema. "Alimsubiri."

Akaendelea kukamua, nami nikabaki nimesimama kama ndoo iliyosahauliwa. Nilitoka bila kuaga.

Sasa, dada, hapo ndipo shule ilipoingia. Maana Gereon huyo huyo bado ndiye Mtakatifu Martin wetu, yule askari aliyemgawia maskini joho lake. Kila tarehe kumi na moja Novemba anavaa kofia ya chuma, anampanda yule farasi wake Lotte, anawatangulia watoto na taa zao mpaka kwenye moto, analikata joho lake katikati kwa upanga na kumfunika nusu yake maskini anayetetemeka, na wanawake wa kijiji wanatoa vitambaa vya machozi. Kuni za moto zinatoka kwake. Hata vile viazisukari vikubwa vya kulishia ng'ombe, ambavyo watoto wanavikomba na kuvichonga macho na mdomo viwe taa, vinatoka kwake, mkokoteni mzima. Kwa mtu baki kaka yetu hana choyo hata chembe.

Kazi yangu mimi bado ni joho. Ni vipande viwili, na katikati napiga bandi kwa uzi hafifu ili upanga ukigusa tu uzi uachie. Kesho yake aliyekuwa maskini hurudisha kipande chake shuleni, nami naliunga tena kwa ajili ya mwaka unaofuata.

Mwalimu mkuu wa zamani amestaafu. Mahali pake ameletwa binti wa kaskazini, anaitwa Frauke, mrefu kama mlingoti, mwenye moyo mwema, na asiyejua nani hapa kijijini hasemezani na nani. Amekuja na jambo lake jipya. Kila mtoto, kabla taa yake haijawashwa, awe amefanya wema mmoja kwa siri, asimwambie mtu, ili mwanga uwake kwanza ndani yake na wa mshumaa ufuate. Ni wazo zuri, sikatai, ila wiki ile kijiji kizima kilikuwa hatarini. Mama Kordel alikuta kuku wake wamefunguliwa "wakapumzike", na mimi nilikuta soksi zangu zote zimefungwa pamoja kwa mafundo. Mechthild alikataa katakata kusema ni nani, lakini alikuwa anang'aa uso.

Maskini wetu wa siku zote ni Toni wa posta. Mwaka huu alianguka ngazini akichuma matufaha, akavunjika nyonga. Mwalimu Frauke akaingia dukani kwa mwoka mikate akatangaza kwamba anatafutwa maskini wa kukaa penye moto. Lambert alikuwa kwenye foleni.

"Mwalimu, nichukue mimi," akasema. "Sihitaji hata kufanya mazoezi."

Duka zima lilicheka, isipokuwa wale wanaotujua. Niliposikia nilikwenda shuleni moja kwa moja. Mwalimu alikuwa anakata karatasi za rangi.

"Mwalimu, atakayekuja juu ya farasi na atakayekaa chini ni ndugu wa tumbo moja," nikamwambia, "na hawajaonana uso kwa uso tangu kabla ya kifo cha mama yao."

"Lakini Bi Walburga, si ndiyo sikukuu yenyewe hiyo?"

"Huyu si Martin wa kwenye kitabu, mwalimu. Huyu ni Gereon."

Akanishika mkono kwa upole, kama mtu anavyomshika bibi kizee, akasema tuwaamini watu. Nikaona huyu sitamweza, nikamfuata Lambert bwawani. Alikuwa anaziba dirisha kwa magazeti.

"Unatafuta nini pale?" nikamuuliza.

"Mlangoni kwake siruhusiwi. Penye moto wa shule hana mlango."

"Na akikuacha umekaa hivyo hivyo, kijiji kizima kinatazama?"

"Basi nitakuwa nimejua, dada. Afadhali kujua."

Kwa upande wa Gereon, hakuuliza nani atakuwa maskini, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Siku yenyewe ilikuwa na manyunyu, si mvua ya kukufukuza wala si ukavu wa kukuacha. Watoto walipangwa uwanjani, taa zikawashwa moja moja, na kila mtoto alipowashiwa mwalimu alimwangalia machoni bila kumuuliza kitu. Nakiri nilipenda kuona. Ile harufu ya kiazi kinachoungua kwa ndani ilinirudishia utoto wetu wote, na baba akituonya tusijichome. Matarumbeta ya wazima moto yakaanza. Tukapita barabara ya kanisani, tukapita ukuta wa makaburi, tukashuka mpaka uwanja wa kando ya kijito ambako moto ulikuwa umeshashika.

Lambert alikuwa amekaa juu ya gogo, shati limepasuka, miguu mitupu kwenye majani yaliyolowa. Watoto walinong'ona kwamba maskini wa mwaka huu anaigiza vizuri sana. Kukohoa kule hakukuwa maigizo.

Gereon akaingia kwenye mwanga. Lotte akasimama kwa mazoea, hatua chache kutoka kwenye gogo. Kaka akatazama chini, na nilijua ameona, kwa sababu alizishika hatamu kwa mikono miwili kama mtoto anayejifunza. Lambert naye alimwangalia tu. Hakunyoosha mkono kama Toni anavyofanya. Wimbo ukaisha. Gereon hakusogea. Kiongozi wa matarumbeta akababaika, akauanza wimbo upya.

"Bibi," Mechthild akanivuta koti, "Babu Gereon amesahau kukata."

"Nyamaza, mwanangu."

"Lakini yule babu anaona baridi."

"Si anaigiza tu," akasema mwenzake.

"Haigizi. Tazama vidole vyake vya miguu."

Sijui kama Gereon alisikia. Wimbo ulipokaribia kwisha mara ya pili, alishuka. Miaka yote amekata akiwa juu ya farasi, lakini safari hii alishuka, akauchomoa upanga, akakata, uzi wangu ukaachia vizuri. Akapiga goti kwenye tope, akamfunika Lambert mabega, akalikaza joho shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Halafu akainama akamwambia neno sikioni. Lambert akaitikia kwa kichwa.

Dada, ungekuwepo. Mama Kordel alilia kwa sauti, na hakulia alipomzika mumewe. Mwalimu Frauke alinitazama kutoka upande wa pili wa moto kama mtu aliyeshinda dau, nami nilimsamehe. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, na wakipatana shika kapu ukavune. Mimi nilishaanza kulitafuta kapu. Kichwani nilikuwa nachagua mashuka gani nimpelekee kwenye kile chumba, na nikakumbuka lile blanketi la mama lililobaki kwangu.

Watoto walipogawiwa ile mikate yenye umbo la mtu, macho ya zabibu kavu, nilimkuta Lambert nyuma ya meza ya kahawa. Alikuwa na mkate mkononi, ameshauuma kichwa.

"Amekuambia nini?"

"Ngoja nimeze."

"Lambert."

"Amesema, 'Kesho asubuhi ulirudishe shuleni. Si lako.'"

"Basi?"

"Basi. Lakini kwa upole, dada. Nadhani hakutaka watoto wasikie."

Alijaribu kucheka. Akalivua lile joho pale pale, kwenye manyunyu, akalikunja vizuri kuliko nilivyolikunja mimi, akanikabidhi. "Lichukue sasa hivi," akasema. "Kesho isije ikanikuta nalo." Nilimfunika kwa shali yangu. Watu walikuwa bado wanapita wakimpiga bega, wakimwambia karibu nyumbani, karibu nyumbani, naye akimjibu kila mmoja asante.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilikwenda kwa Gereon nikiwa na hasira ya kutosha familia nzima. Alikuwa uani anawakatia ng'ombe viazi. Nilimwambia yote niliyoyaweka moyoni. Nilimwambia joho lake alikate mbwa, mimi sishoni tena. Nilimwambia amewadanganya watoto.

"Mbele ya watoto nilifanya kinachotakiwa," akasema.

"Na nyuma ya watoto?"

Akaweka panga chini. Akanitazama, na nikaona ile siyo sura ya mtu mkali. Ilikuwa sura ya mtu aliyechoka. Maneno aliyoyasema nakuandikia kama yalivyotoka, maana na wewe ni haki yako kuyasikia.

"Nilimlisha mama kijiko kwa kijiko. Nilimbeba chooni. Nilimgeuza kitandani asipate vidonda, nikaosha, nikafua, nikarudi kwa ng'ombe. Ninyi mlikuja Jumapili na keki. Asubuhi ile ya mwisho nilimpa maji. Akafungua macho, akanishika mkono huu, akaniambia, 'Asante, Lambert. Mwanangu, umenitunza.' Akafa."

"Kaka, alikuwa amechanganyikiwa."

"Najua. Miaka kumi najiambia hivyo hivyo."

 Sisi tulidhani ni kwa sababu ya mazishi, kumbe adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Miaka yote hiyo tulimwita moyo wa jiwe, na hakuna aliyemuuliza jiwe hilo limetoka wapi. Nilitaka kumgusa, lakini alishaliinua panga lake na kuendelea na viazi.

Nikalichukua neno hilo nikampelekea Lambert, sijui kama nilifanya vizuri. Alikuwa anafunga mfuko wake. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa sauti ndogo sana, "Alinitaja mimi?"

Dada, mtu yule miaka yote aliamini kwamba mama alikufa akimlaani. Siku ya mazishi alikuwa amelewa kwenye kituo cha reli huko mbali, treni zikampita, na tangu hapo hakujua atarudi kwa uso gani. Alikaa kwenye ngazi ya ile nyumba ya magurudumu akajifunika uso kwa kofia. Neno lililomla Gereon kama kutu, kwake yeye lilikuwa mkate. Alilia, akacheka, akakohoa. 

"Lakini si yangu hiyo asante," akasema. "Nimekula cha mtu."

Yaliyofuata sikuyaona. Ameniambia Gereon mwenyewe. Jumapili, kambi ilipofungwa, Lambert alipanda mpaka shambani na mfuko wake begani. Alisimama langoni, nje, vidole vya viatu kwenye mstari, hakuvuka. Gereon alikuwa anatoa samadi.

"Sikuja kuomba chumba," Lambert akasema. "Mama alituma asante ikakosea mtu. Nimeileta kwa mwenyewe. Asante, Gereon. Mwana mwema, ulimtunza mama."

Gereon akaegemea uma wake.

"Rudia," akasema.

Lambert akarudia, neno kwa neno.

Gereon akauachia uma. Alijikuta amekaa kwenye ukingo wa hori, uso kwenye viganja, analia kama ndama aliyeachishwa ziwa. Mazishini hakulia, unakumbuka, tulimsema kwa hilo pia. Sasa ilitoka yote. Alipoinua kichwa, langoni hapakuwa na mtu.

Alidhani Lambert ameingia zizini kutazama ng'ombe. Akamtafuta humo, akamwita juu kwenye kile chumba, akazunguka ghala. Halafu akasikia basi la mjini linapanda mlima.

Akaja kwangu. Gereon, ambaye hajakanyaga nyumba ya Gudrun tangu ubatizo wa Mechthild, alisimama kwenye zulia na mabuti ya samadi, na Rainer hakuthubutu kusema neno. "Yuko hapa?" Hayupo. "Nilikuwa nakwenda kumwambia aingie," akasema. "Nilikuwa nainuka kabisa."

Lambert aliniambia kwamba akikosa pa kulala atakwenda Trier, kwenye nyumba ya masista wanaopokea wanaume wasio na makazi. Tulipiga simu jioni ile, hakuwa amefika. Tulipiga kesho yake, na keshokutwa. Polisi wamesema ni mtu mzima, ana haki ya kwenda atakako. Gereon amemwachia jirani ng'ombe, kitu ambacho hakufanya hata alipoumwa nimonia, akaenda Trier mwenyewe. Amezunguka kituo cha reli, amepita chini ya madaraja, amevaa koti lake la kanisani. Picha tuliyonayo ya Lambert ni ile ya ujana, amesimama kando ya pikipiki. Basi kaka anawaonyesha watu kijana wa miaka kumi na tisa na kuwaambia, ni huyu, ila mzee.

Juzi theluji ya kwanza ilianguka. Viazi vya mbegu vimeshushwa, baiskeli imetolewa, na ameweka jiko dogo juu kule. Analiwasha kila siku. Nimemwambia anamaliza kuni bure. Akaongeza gogo.

Ndiyo sababu nakuandikia, Reinhild. Katika sisi sote ni wewe peke yako ambaye Lambert alikuwa akikuandikia, hata katika miaka ile mibaya, hata kama ni kadi yenye mistari miwili. Anwani yako anaijua kwa moyo. Likikufikia neno lolote kutoka kwake, usisubiri barua, piga simu dukani kwa Gudrun usiku wenu, ndio mchana wetu, na utazame muhuri wa posta umepigwa mji gani. Na umjibu siku hiyo hiyo.

Nisalimie shemeji, wanao, na huyo mwenye pua ya baba. Gudrun anakusalimu, Rainer pia kwa namna yake, na Mechthild amekuchorea taa, nimeiweka humu ndani. Hajanieleza mpaka leo wema wake wa siri ulikuwa upi, ila ile shali niliyomfunika Lambert, nilipomkuta nayo bwawani, niliona soksi za Rainer zimeshonewa kwa ndani kuongeza joto, na shali hiyo Lambert ameondoka nayo.

Gereon anakusalimu. Amekaa mbele yangu hapa jikoni ninapoandika, kofia gotini. Nimemuuliza, Lambert akikuandikia, umjibu nini kwa niaba yake. Amefikiri mpaka kahawa yake imepoa. Anasema umwambie hivi tu: "Nilikuwa nalia. Sikuwa nakataa."

Mungu akuweke, dada, na amfunike yeyote aliye nje leo.

Mimi mdogo wako, nikupendaye kwa umbali wote huu,

Walburga